Safari ndefu ya pikipiki na kulala kambini: msafara uende kwa mwendo wa aliyechoka



Ndugu wasomaji, mvua zikisha kukatika, barabara zikakauka na kahawa ya Mbozi ikaanza kuleta fedha mikononi, vijana wetu huanza kupanga safari. Siku hizi nyumba nyingi za Tunduma, Mpemba, Vwawa na Mlowo zina pikipiki. Wengine huitumia kubeba abiria, wengine kwenda shambani, wengine kupeleka mizigo mpakani. Basi marafiki watano au sita hukaa pamoja na kusema: "Mwaka huu twende mbali. Tubebe mahema na sufuria, tukalale porini, tuione nchi yetu."

Wazazi wakisikia hayo hugawanyika. Wapo wanaokataza kabisa, na kijana huondoka kwa siri bila kuaga. Wapo wanaonyamaza, wakisema kijana amekwisha kuwa mtu mzima. Ukurasa wetu wa afya mwezi huu unapendekeza njia ya tatu, yaani kumwandaa. Kusafiri na rafiki, kuona kazi ya mikono ya Mungu, kupika na kusali pamoja chini ya nyota ni jambo jema kwa mwili na kwa roho. Lakini safari hiyo ina hatari zake, nazo nyingi zinaweza kuzuilika ikiwa marafiki watakubaliana mapema juu ya sheria moja: msafara mzima utakwenda kwa mwendo wa yule aliyechoka.

SAFARI YENYEWE

Tuchukue mfano wa safari ambayo vijana wa kwetu huitamani. Kutoka Tunduma unaiacha barabara kuu ya kwenda Mbeya na kushika ile ya Sumbawanga. Unakatiza Wilaya ya Momba, unaingia Mkoa wa Rukwa, unapita Laela na Mpui hadi Sumbawanga mjini. Hapo umekwisha kutembea zaidi ya kilometa 200. Kutoka Sumbawanga unakwenda Matai, na mbele yake kuna njia mbili: moja ya kuelekea maporomoko ya Kalambo, ambako maji huanguka zaidi ya mita 200 mpakani mwa Tanzania na Zambia, na nyingine ya kushuka hadi bandari ya Kasanga katika Ziwa Tanganyika. Kwenda tu ni zaidi ya kilometa 300, na kurudi ni hivyo hivyo.

Zamani barabara ya Tunduma hadi Sumbawanga ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa masika. Leo ni ya lami. Tunashukuru, lakini tukumbuke kwamba lami nayo ina majaribu yake. Kwenye vumbi dereva alilazimika kwenda polepole, lakini kwenye lami nyoofu na tupu mkono wenyewe unazidisha mafuta.

Jambo la pili la kuzingatia ni tabia ya nchi. Vwawa, Tunduma na Sumbawanga ziko nyanda za juu, zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika liko kwenye mita 770 hivi. Maana yake ni kwamba kwa siku mbili tu kijana atatoka kwenye baridi kali ya asubuhi na kushuka hadi kwenye joto, mbu na maji ya ziwa. Hali ni hiyo hiyo kwa wanaoshuka bonde la Momba kuelekea Kamsamba na Ziwa Rukwa. Mwili hauna budi kuandaliwa kwa yote mawili.

KABLA YA KUONDOKA

Mwaka 2007 waigizaji wawili kutoka Uingereza, Ewan McGregor na Charley Boorman, walisafiri kwa pikipiki kutoka Scotland hadi Cape Town, Afrika Kusini, wakapita pia hapa Tanzania, na mara nyingi walilala kwenye mahema. Lakini pamoja nao yalikuwepo magari ya huduma yenye vifaa na watu wa kuwasaidia. Vijana wetu hawana magari hayo, hivyo gari lao la huduma ni wao kwa wao. Kwa hiyo maandalizi yao yaanze na watu kabla ya pikipiki.

Kila mmoja ajichunguze na aseme ukweli mbele ya wenzake. Mwenye kifafa asiendeshe pikipiki. Mwenye kisukari, shinikizo la damu au pumu aonane kwanza na mganga, na akikubaliwa kwenda, abebe dawa za siku zote za safari na za siku tatu zaidi, nazo akae nazo mwilini, zisifungwe kwenye mzigo wa mwenzake. Hali kadhalika anayetumia dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI asikatishe hata siku moja kwa sababu ya safari. Siyo lazima atangaze hali yake kwa kundi zima. Inatosha amwambie rafiki mmoja anayemwamini. Aliyetoka kuugua malaria au kuharisha wiki hiyo abaki nyumbani, na wenzake wasimcheke.

Muulizeni mganga wa zahanati juu ya chanjo ya pepopunda. Kidonda cha barabarani huingiza udongo na mavi ya wanyama, nayo ndiyo makao ya vijidudu vya ugonjwa huo.

Kisha jaribuni safari fupi. Fungeni mizigo yote kama mtakavyoifunga siku yenyewe, mwende hadi kwenye Kimondo cha Mbozi na kurudi siku hiyo hiyo. Jiwe lile la chuma kutoka angani, linalokadiriwa kuwa na uzito wa tani 16, linastahili kuonwa na kila mtoto wa mkoa wetu. Siku hiyo mtagundua ni mzigo gani unaoyumbisha pikipiki, breki ya nani imelegea, na nani huchoka mapema. Ni afadhali kuyajua hayo Mbozi kuliko kuyajua Laela usiku.

KOFIA NI YA WAWILI

Wataalamu waliolinganisha tafiti nyingi za nchi mbalimbali waliona kwamba kofia ngumu humpunguzia mwendesha pikipiki hatari ya kufa kwa karibu asilimia 42, na hatari ya kuumia kichwa kwa karibu asilimia 69. Hakuna dawa ya bei hiyo yenye nguvu kiasi hicho.

Lakini kofia iliyotundikwa kwenye usukani hailindi kichwa. Kofia isiyofungwa ukanda chini ya kidevu huruka kabla kichwa hakijafika chini. Kofia kubwa kuliko kichwa hugeuka na kuziba macho. Na kofia iliyokwisha kuanguka kwa kishindo mara moja ndani yake imekwisha kupondeka, hata kama nje inang'aa.

Tena, abiria naye ana kichwa. Katika miji yetu tumezoea kumwona dereva amevaa kofia na aliye nyuma yake, pengine mama na mtoto mgongoni, hana kitu. Kwa safari ndefu iwe mwiko: kichwa kisicho na kofia hakipandi. Na watu watatu kwenye pikipiki moja, ule tunaouita mshikaki, usiwepo kabisa.

Viatu viwe vya kufunika vifundo vya miguu. Suruali iwe nzito, koti liwe la mikono mirefu na glavu ziwepo. Ngozi ya kiganja ndiyo hutangulia kugusa lami.

MWENDO WA ALIYECHOKA

Sasa tufike kwenye kiini cha maneno yetu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2023 ilieleza kwamba watu wapatao milioni 1.19 hufa kila mwaka duniani kwa ajali za barabarani. Tukizungumzia sababu hutaja mwendo kasi, pombe na ubovu wa barabara. Uchovu hausemwi sana, kwa sababu hauonekani wala haunuki.

Mtu aliyechoka anaweza kusinzia kwa sekunde tatu tu huku macho yake yakionekana wazi. Kwa mwendo wa kilometa 60 kwa saa, sekunde tatu ni mita 50. Mita 50 za pikipiki isiyo na dereva zinatosha kumfikisha kwenye lori.

Katika kundi la marafiki uchovu una rafiki yake, nayo ni aibu. Kijana wa mwisho mgongo unamuuma, macho yanawaka, lakini wenzake wako mbele wanapiga honi kwa furaha. Anaogopa kuitwa mlegevu, hivyo anazidisha mafuta ili awafikie. Hapo ndipo ajali inapozaliwa. Mara nyingi anayeanguka si mwenye majivuno, bali ni yule mpole aliyeona haya kusema, "Jamani, nimechoka."

Kwa hiyo kabla ya kuwasha pikipiki kubalianeni yafuatayo:

1. Mmoja awe kiongozi, na neno lake lifuatwe barabarani hata kama ni mdogo kwa umri.

2. Asiye na uzoefu au mwenye pikipiki dhaifu akae wa pili, mara tu nyuma ya kiongozi, ili mwendo wa wote upimwe kwake. Mzoefu kuliko wote awe wa mwisho.

3. Kila mmoja amwangalie wa nyuma yake kwenye kioo cha pembeni. Asipomwona, apunguze mwendo na kusimama mahali salama nje ya lami. Hivyo kundi lote litasimama lenyewe.

4. Pumzikeni kila baada ya saa moja hivi. Shukeni, nyosheni viungo, kunyweni maji. Kiongozi amwulize kila mmoja kwa jina lake hali yake.

5. Yeyote akisema amechoka, safari inasimama. Asijadiliwe wala asitaniwe. Robo saa ya usingizi chini ya mti hutibu kuliko kinywaji chochote cha kusisimua mwili.

6. Ondokeni jua likisha kuchomoza na ukungu kupungua, na mfike mahali pa kulala kabla ya saa 11 jioni. Usiku pikipiki haisafiri. Gizani kuna ng'ombe, mikokoteni, na malori yaliyoharibika yaliyosimama bila taa.

7. Pombe isionjwe tangu jioni ya kuamkia safari hadi funguo zirudi nyumbani. Mwaliko wa kimpumu njiani ni ukarimu wa wenyeji wetu, na ukarimu hukataliwa kwa adabu: "Asante mzee, sisi ni madereva."

Kwa wale watakaopita barabara kuu kati ya Tunduma na Mbeya tuongeze neno juu ya malori. Malori ya kwenda Zambia na Kongo ni mengi na ni marefu. Upepo wake humsukuma mwendesha pikipiki wakati wa kupishana, na dereva wake hamwoni aliye karibu sana nyuma au ubavuni. Usijipenyeze kati ya malori mawili. Usilipite lori kwenye kilima au kona. Na pale foleni ya mpakani inapoanza, nenda kwa mwendo wa mtu anayetembea, kwa maana utingo hushuka na watoto wauza karanga huvuka bila kuangalia.

BARIDI NA KIU

Mwezi wa Juni na Julai asubuhi ya Ufipa na Mbozi huuma. Juu ya pikipiki baridi huongezeka mara dufu kwa sababu ya upepo. Vidole vikifa ganzi havikamati breki kwa wakati. Akili nayo huzubaa. Vaeni nguo nyepesi kadhaa, moja juu ya nyingine, badala ya koti moja zito. Wazee wetu walijua kuweka magazeti kifuani chini ya koti ili kuzuia upepo, na ujuzi huo bado unafaa. Mkono ukianza kufa ganzi, simameni mpaka damu irudi.

Mchana mambo hubadilika. Upepo hukausha jasho kabla hujaliona, nawe unadhani huna kiu. Dalili za kupungukiwa maji ni kuumwa kichwa, midomo mikavu, hasira zisizo na sababu na mkojo mchache wa rangi ya chai. Kila mmoja abebe maji yake, angalau lita tatu kwa siku ya joto. Akiharisha au kutapika, mchanganyieni lita moja ya maji safi na salama, vijiko vidogo sita vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, anywe kidogo kidogo mara nyingi. Vijiko viwe vya kufuta, visiwe vya kurundika.

Angalizo: petroli ya akiba isiwekwe kamwe kwenye chupa ya maji ya kunywa. Akitokea mtu ameinywa kwa bahati mbaya, msimlazimishe kutapika, maana ikiingia mapafuni hudhuru zaidi. Mpelekeni hospitali mara moja.

KAMBINI

Mahali salama pa kupiga hema ni karibu na watu. Mwombeni Paroko barua ya utambulisho, ili mkifika kwenye parokia au kigango mjulikane na muweze kuomba nafasi uwanjani. Penginepo jitambulisheni kwa mwenyekiti wa kijiji. Katika msitu wa hifadhi kama ule wa Kalambo wafuateni wahusika wa hifadhi, mlipe kinachotakiwa na kulala walipowaonyesha.

Hema lisipigwe kwenye kijito kikavu, wala chini ya tawi lililooza, wala kando ya njia ya wanyama kwenda majini. Choo kichimbwe mbali, hatua 100 kutoka kwenye maji, na kifukiwe. Mikono ioshwe kwa sabuni kabla ya kupika na kula. Maji ya mto na ziwa yachemshwe hata kama yanaonekana maangavu kama kioo. Kung'uteni viatu asubuhi kabla ya kuvaa, kwa sababu ya nge na nyoka.

Sasa tusome polepole, kwa sababu jambo linalofuata linahusu pia nyumba zetu za Mbozi na Ileje wakati wa baridi. JIKO LA MKAA LISIINGIZWE NDANI YA HEMA, wala ndani ya chumba kilichofungwa. Mkaa unapoungua hutoa hewa yenye sumu isiyo na rangi wala harufu. Hewa hiyo huchukua nafasi ya hewa safi katika damu. Aliyelala hajisikii kukabwa. Anaumwa kichwa kidogo, analegea, na haamki tena. Mkaa unaoonekana umekufa, wenye majivu juu, bado unatoa sumu hiyo. Oteni moto nje, mfunike moto kwa udongo, kisha mwingie kulala na mablanketi. Mkiwa na baridi, laleni karibu karibu, na chini tandikeni majani makavu na turubai, kwa kuwa baridi ya ardhini hushinda ile ya juu. Mkimkuta mwenzenu amelegea karibu na jiko, mtoeni nje kwenye hewa safi kwanza, kisha mpelekeni hospitali.

ZIWANI

Nyanda zetu za juu zina mbu wachache, na hilo lina pande mbili. Tunaugua malaria kwa nadra, lakini kwa sababu hiyo miili yetu haikuzoea kupambana nayo. Kijana wa Tunduma akiumwa na mbu wa ukanda wa ziwa anaweza kuugua vibaya kuliko mwenyeji wa pale. Kwa hiyo chandarua chenye dawa kifungwe hata ndani ya hema au chini ya mti. Jioni vaeni mikono mirefu na soksi, na pakeni dawa ya kufukuza mbu sehemu zilizo wazi.

Maji ya ziwa yanavutia baada ya vumbi la safari. Lakini ulizeni wenyeji kwanza. Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa yana mamba, na wavuvi wanajua mahali na saa za hatari. Kuuliza si ujinga. Tena, pembeni penye maji yaliyotulia, magugu na konokono, ndipo kichocho kinapoingilia ngozini. Asiyejua kuogelea asiige wenzake, na usiku asiingie mtu majini.

IKITOKEA AJALI

Wa kwanza kufika kwa aliyeanguka ni rafiki zake. Dakika zile zinawahitaji watulivu.

Kwanza, zuieni ajali ya pili. Wawili wasimame mbele na nyuma kwa umbali, wapunge nguo kuwaonya wenye magari.

Pili, angalieni kama anapumua. Anayepumua na kuzungumza msimvute wala kumkalisha. Shingo yake isipindwe. Kofia yake msiivue, isipokuwa hapumui au anasongwa na matapishi. Hapo mmoja ashike kichwa na shingo visitikisike, mwingine aivue taratibu.

Tatu, damu ikitoka kwa wingi, bonyezeni kidonda kwa kitambaa safi kwa nguvu bila kufungua fungua kuchungulia. Mguu uliovunjika ufungwe pamoja na fimbo au mguu mwingine kama ulivyokutwa, usinyooshwe.

Nne, msimpe chakula wala kinywaji, na msimbebe katikati ya watu wawili kwenye pikipiki. Tafuteni gari la kumlaza. Alazwe juu ya ubao au mlango, na watu wanne wamnyanyue kwa pamoja. Namba ya dharura ya polisi ni 112.

Tano, jihadharini na yule anayeinuka, anajipangusa vumbi na kusema, "Niko salama, twendeni." Mtu aliyepigwa kichwa anaweza kuzungumza vizuri kwa saa kadhaa huku damu ikivuja taratibu ndani ya fuvu. Baadaye huja kichwa kuuma zaidi na zaidi, kutapika, kusinzia kusiko kwa kawaida, maneno kuchanganyika, au mboni ya jicho moja kuwa kubwa kuliko nyingine. Kwa hiyo aliyepigwa kichwa haendeshi tena siku hiyo, hata akisisitiza. Aonwe na mganga, na usiku ule asilale peke yake. Dalili mojawapo ikitokea, ni hospitali kubwa mara moja, hata kama ni saa 8 usiku.

Kwa aliyeumwa na nyoka: asitembee, kiungo kilichoumwa kisitikiswe, msichanje, msinyonye, msifunge kamba kwa kukaza. Mwahisheni hospitali.

Sisi sote tunajua mfano wa Msamaria mwema. Yule mtu alifanya zaidi ya kusikitika njiani, kwa sababu alifunga vidonda, akampandisha majeruhi, akalipa gharama. Basi kabla ya safari wekeni akiba ya pamoja kwa ajili ya matibabu, isiguswe kwa soda wala nyama choma. Kila mmoja abebe karatasi mfukoni yenye jina lake, namba ya simu ya nyumbani, dawa anazotumia na zile zinazomdhuru.

SAFARI HAIISHI SIKU YA KURUDI

Furaha ya kurudi isitusahaulishe. Vijidudu vya malaria hukaa mwilini wiki moja hadi mbili, pengine zaidi, kabla ya homa kuanza. Kijana amekwisha kurudi kazini, picha zimekwisha kuonyeshwa, na sasa anasikia baridi na viungo vinauma. Nyumbani wanasema ni mafua ya Julai. Siku tatu zinapita. Hivyo ndivyo malaria inavyoua watu wa nchi za baridi.

Kwa mwezi mzima na zaidi baada ya kurudi, homa yoyote ipimwe damu siku hiyo hiyo, na mgonjwa amweleze mganga kwa kinywa chake: "Nilikuwa ukanda wa ziwa tarehe fulani." Asimeze vidonge vilivyobaki kabatini. Akipewa dawa mseto, aimalize dozi yote hata akipata nafuu. Aliyeoga ziwani, akiona damu kwenye mkojo au choo, au tumbo likimsumbua wiki au miezi inayofuata, apimwe kichocho. Dawa yake ipo.

NENO KWA WAZAZI

Wazazi wapendwa, kijana akija kuaga, msianze na ugomvi. Mwulizeni: Nani kiongozi wenu? Mtalala wapi kila usiku? Kofia za abiria ziko wapi? Misa ya Dominika mtasali parokia gani? Akijibu vizuri, mbarikini. Asipoweza kujibu, hajawa tayari, na ninyi mna haki ya kumwambia angoje.

Kubalianeni saa ya kupiga simu kila jioni akiwa amefika. Msimpigie akiwa barabarani. Na siku akipiga kusema, "Mama, tumechelewa, tumeamua kulala Laela, tutafika kesho," msimgombeze kwa kuchelewa. Mwambieni amefanya vema. Kijana anayeogopa lawama za nyumbani ndiye anayeendesha usiku.

Viongozi wa VIWAWA wanaweza kuwaita vijana kwa nusu siku, wakamwalika mganga wa zahanati kufundisha huduma ya kwanza na fundi kukagua breki, taa, matairi na minyororo. Sikukuu ya Mtakatifu Kristofa, msimamizi wa wasafiri, ambayo kwa mapokeo huadhimishwa tarehe 25 Julai, inaangukia katikati ya kiangazi chetu. Ni siku nzuri ya kubariki pikipiki, na kukagua kofia za kila aliyeleta pikipiki yake ibarikiwe.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA NDOGO NDOGO

1. Katika Jumuiya yetu ni nyumba ngapi zina pikipiki? Ni ngapi zina kofia mbili?

2. Kwa nini ni vigumu kwa kijana kuwaambia rafiki zake kwamba amechoka? Sisi watu wazima tunampa mfano gani?

3. Je, kuna nyumba kati yetu inayolala na jiko la mkaa wakati wa baridi? Tuwasaidieje?

4. Mtu akipata ajali karibu na mtaa wetu leo usiku, nani ana gari, nani anajua huduma ya kwanza, na hospitali ya karibu ni ipi?